Kutoka Wodini hadi kwenye Skrini: Historia ya Tiba ya Vikundi kwa Watu Walio Katika Hatua za Mwanzo za Saikosisi, 1921–2021

Ikisiri

Insha hii inafuatilia historia ya tiba ya vikundi kwa watu wenye saikosisi, hususan vijana walio katika miaka ya mwanzo ya ugonjwa, tangu mihadhara ya wodini iliyoripotiwa mwaka 1921 hadi jaribio la tiba ya mtandaoni lililochapishwa mwaka 2021. Mjadala wa sasa umejikita katika swali moja: je, kikundi kinachokutana kwenye skrini kinaweza kuchukua nafasi ya kikundi kinachokutana chumbani? Insha inadai kuwa swali hilo halikuanza na intaneti, na kwamba sehemu kubwa ya jibu lake ilipatikana kabla ya intaneti kuwafikia wananchi. Kwa kulinganisha mifano ya Marekani, Senegali, Uholanzi, Denmark na Australia, inabainishwa kuwa umbali haukuwa kikwazo kikuu cha tiba ya vikundi. Vikwazo vikuu vilikuwa viwili: kukosekana kwa msimamizi anayewajibika kwa kikundi, na kukoma kwa huduma kabla kijana hajasimama imara. Kwa hiyo, mchango wa tiba ya mtandaoni unafaa kupimwa zaidi kwa vigezo vya usimamizi na muda kuliko kigezo cha umbali.

1.0 Utangulizi

Saikosisi ni hali ambayo mtu hupoteza, kwa kiasi fulani, uwezo wa kutofautisha yale yanayotoka ndani ya nafsi yake na yale yaliyo nje yake. Mtu huyo anaweza kusikia sauti zisizosikiwa na wengine, kushikilia imani ambazo ushahidi hauzitikisi, au kuvurugikiwa na mawazo na usemi. Mara nyingi hali hii huanza mwishoni mwa kipindi cha balehe au katika miaka ya ishirini, wakati ambao mtu yumo masomoni, anatafuta kazi au anajenga urafiki na uchumba. Ndiyo maana hasara yake haiishii kwenye dalili. Kijana huacha chuo, marafiki humpungua, na hata dalili zinapotulia hujikuta amebaki nyuma ya rika lake.

Tiba ya vikundi inailenga hasara hiyo moja kwa moja. Mwaka 1970, Irvin Yalom alichapisha kitabu chake kuhusu nadharia na utendaji wa tiba ya vikundi, akataja miongoni mwa nguvu zinazoponya matumaini anayoyapata mtu kwa kuwaona wenzake wakipata nafuu, na ugunduzi kwamba yanayomsibu hayamsibu peke yake. Kwa mgonjwa wa saikosisi, ugunduzi huo wa pili una uzito wa pekee. Mtu anayesikia sauti anaishi na jambo ambalo, kwa maelezo yake lenyewe, hakuna mwingine anayelishuhudia. Kumpata mwenzake wa kwanza anayelijua jambo hilo kwa uzoefu ni mwanzo wa kutoka katika upweke huo.

Tangu mwaka 2020, janga la UVIKO-19 lilipofunga vyumba vya vikao katika nchi nyingi, vikundi vya aina hii vilihamia kwenye mikutano ya video. Kutokana na kasi ya mabadiliko hayo, baadhi ya maandishi huichukulia tiba ya vikundi mtandaoni kama zao la janga. Mtazamo huo una athari mbili. Kwanza, unaifanya tiba hiyo ionekane kuwa ya dharura, inayopaswa kuachwa dharura inapopita. Pili, unaliweka swali zima katika umbali: mtu yuko chumbani au hayuko. Insha hii inaupinga mtazamo huo kwa hoja za kihistoria. Inaonesha kwamba kikundi cha mbali kina historia ya zaidi ya miaka sitini, na kwamba katika historia hiyo mafanikio na kushindwa havikufuata mstari wa umbali.

Mjadala umepangwa kwa kufuata wakati. Sehemu ya pili inahusu vikundi vya wodini. Sehemu ya tatu inaangalia majaribio mawili yaliyoanza karibu wakati mmoja, Nebraska na Dakar. Sehemu ya nne inahusu watu wanaosikia sauti kujikutanisha wenyewe. Sehemu ya tano inaeleza kuzuka kwa huduma za mapema, na sehemu ya sita inaingia mtandaoni. Sehemu ya saba inayakusanya matokeo, kisha hitimisho linafuata.

2.0 Darasa la Wodini

Wanahistoria wa tiba ya vikundi huanza kwa kawaida na Joseph Pratt, daktari wa Boston ambaye mwaka 1905 alianzisha darasa la wagonjwa wa kifua kikuu wasio na uwezo wa kulipia matibabu ya bwenini. Wagonjwa walikutana kila wiki, wakapimwa uzito, wakaonesha madaftari yao ya mwenendo wa siku, wakasikiliza mafundisho. Pratt alikusudia kuokoa muda na fedha. Hata hivyo, alibaini kwamba wagonjwa walitiana moyo kwa namna ambayo daktari peke yake asingeweza.

Katika saikosisi, hatua hiyo ilichukuliwa na Edward Lazell katika hospitali ya St. Elizabeths mjini Washington. Mwaka 1921 alichapisha taarifa ya mihadhara aliyowatolea kwa pamoja wagonjwa wa kile kilichoitwa wakati huo dementia praecox, jina alilolieneza Emil Kraepelin na ambalo Eugen Bleuler, mwaka 1908, alikuwa amependekeza libadilishwe kuwa skizofrenia. Jina la zamani lilibeba utabiri ndani yake: kuporomoka kwa akili kunakoanza mapema na kusikorudi nyuma. Kwa hiyo kuwahutubia wagonjwa hao kama wanafunzi lilikuwa tendo la kuupinga utabiri. Lazell aliripoti kuwa baadhi ya wagonjwa walioonekana wamejifungia kabisa, wasiojibu wala kutazama, walikuwa wamesikia na kuyakumbuka mengi. Aliona pia kwamba katika kundi mgonjwa alipunguza hofu aliyokuwa nayo mbele ya daktari mmoja, na alitambua kwamba matatizo yake yalikuwa ya wengi.

Miaka kumi baadaye, L. Cody Marsh, aliyekuwa mchungaji kabla ya kuwa daktari wa magonjwa ya akili, aliandika kuhusu vikundi alivyoviendesha katika hospitali ya Kings Park jimboni New York. Mtindo wake ulichanganya darasa na mkutano wa injili: mihadhara, muziki, mazoezi na mitihani. Hoja yake ya msingi ilikuwa kwamba mtu aliyevunjwa na jamii hana budi kuponywa kwa njia ya jamii. Katika kipindi hicho hicho, Harry Stack Sullivan alikuwa akifanya jambo jingine katika hospitali ya Sheppard and Enoch Pratt, karibu na Baltimore. Alitenga wodi ndogo ya vijana wa kiume wenye skizofrenia na kuwachagua yeye mwenyewe wahudumu wa kuishi nao, kwa imani kwamba maisha ya kila siku ndani ya kikundi kinachomheshimu mgonjwa ni tiba. Mwaka 1927 Sullivan aliandika pia kuhusu mwanzo wa ugonjwa huo, akilalamika kuwa daktari wa akili huwaona wagonjwa wengi mno waliofika mwisho wa njia na wachache mno waliokaribia kuingia.

Lalamiko hilo linafaa kukumbukwa, kwa sababu lilikaa kwa zaidi ya nusu karne bila kupata taasisi ya kulitekeleza. Tiba ya vikundi ilikua ndani ya hospitali kubwa, na hospitali kubwa zilipokea watu waliokwisha kuugua kwa muda mrefu. Klopromazini ilipoanza kutumiwa Paris mwaka 1952, dalili za wengi zilipungua na milango ya hospitali ikaanza kufunguka. Lakini kijana aliyetoka hospitalini aliacha nyuma pia kikundi chake. Dawa ilimfuata nyumbani, na wenzake walibaki wodini.

3.0 Televisheni ya Nebraska na Penc ya Dakar

Mwaka 1959, katika Taasisi ya Magonjwa ya Akili ya Nebraska mjini Omaha, Cecil Wittson na wenzake walianza kutumia televisheni ya pande mbili katika tiba ya vikundi. Tabibu alikaa chumba kimoja na wagonjwa chumba kingine, kila upande ukiuona na kuusikia mwingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 1961, yakionesha kwamba kikundi kiliweza kuendeshwa kwa njia hiyo. Mwaka 1964 taasisi hiyo iliunganishwa na hospitali ya jimbo iliyoko Norfolk, umbali wa maili 112, sawa na takribani kilometa 180. Norfolk ilikuwa na upungufu wa wataalamu ambao Omaha ilikuwa nao. Waya ulifanya kazi ambayo barabara haikuimudu.

Tukio hilo ni muhimu kwa sababu ya pingamizi ambalo lingetarajiwa. Mwaka 1919, mjini Vienna, Viktor Tausk alikuwa ameeleza kwa kina wagonjwa walioamini kwamba mashine iliyo mbali inayaendesha mawazo yao, inawatia picha machoni na kuwavuruga miili. Tangu hapo kila chombo kipya kimeingia katika imani za wagonjwa: redio inayotaja majina yao, televisheni inayowatumia ujumbe, na sasa simu inayowapeleleza. Ilikuwa rahisi kuhitimisha kwamba mtu anayeiogopa televisheni hawezi kutibiwa kwa televisheni. Wataalamu wa Omaha hawakuanza na hitimisho hilo. Walikiweka chombo mbele ya wagonjwa waziwazi, nacho kikazoeleka kama sehemu ya chumba. Tofauti kati ya mashine ya Tausk na ya Wittson si ya kiufundi. Ya kwanza haina mwenyewe anayejulikana, lakini ya pili ilikuwa na uso wa tabibu aliyejitambulisha kwa jina.

Wakati huohuo, Afrika Magharibi iliendeleza njia iliyoonekana kuwa kinyume kabisa. Nchini Nijeria, Thomas Adeoye Lambo alikuwa ameanzisha mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, mpango wa wagonjwa kuishi vijijini pamoja na ndugu zao huku wakitibiwa hospitalini. Nchini Senegali, daktari Mfaransa Henri Collomb, aliyefika Dakar mwishoni mwa miaka ya 1950, aliifungua wodi ya akili ya hospitali ya Fann kwa jamaa na kwa waganga wa jadi, na kikaingizwa humo kikao kilichoitwa penc. Kwa Kiwolofu, penc ni mahali pa mkutano wa kijiji, mara nyingi chini ya mti. Msomaji wa Kiswahili atalitambua haraka: ni baraza. Wagonjwa, ndugu, wauguzi na madaktari walikaa pamoja, wakazungumza kwa utaratibu wa kupeana zamu, chini ya mwenyekiti ambaye si lazima awe daktari.

Mtu anaweza kuona kwamba Omaha na Dakar hazina uhusiano. Moja ilitegemea umeme na nyingine desturi. Hata hivyo, kwa swali la insha hii, zinajibu jambo moja. Katika pande zote mbili kikundi kilisimama kwa sababu kulikuwa na anayekiitisha, anayegawa zamu, na anayejibu kinapotokea kisichotarajiwa. Penc haikuponya kwa sababu watu walikuwa chini ya paa moja, kwani wodi ya kikoloni nayo iliwaweka watu chini ya paa moja. Ilichoongeza ni utaratibu wa kusemezana.

4.0 Wanaosikia Sauti Wanajikutanisha

Hatua iliyofuata haikutoka kwa madaktari peke yao. Nchini Uholanzi, Patsy Hage, mgonjwa aliyesikia sauti, alimshawishi daktari wake Marius Romme kwamba sauti zile zina maana na zinastahili kuzungumzwa badala ya kuzimwa tu. Romme hakuwa na njia ya kumpatia wenzake wa kuzungumza nao. Mwaka 1987 wawili hao walijitokeza katika kipindi cha televisheni na kuwaomba watazamaji wanaosikia sauti wapige simu. Watu wapatao 700 waliitikia. Takribani 450 kati yao walisikia sauti, na miongoni mwao wapatao 150 walisema wanaweza kuishi nazo bila kuelemewa. Mwaka huohuo mkutano wao wa kwanza ulifanyika Utrecht, na mwaka 1988 mtandao wa vikundi vya aina hiyo ulianza Manchester, Uingereza.

Kwa historia ya tiba ya vikundi, tukio hili lina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba wenzake Hage walipatikana kwa televisheni na simu. Chombo cha mbali hakikuja kuchukua nafasi ya kikundi kilichokuwapo, bali ndicho kilichokiumba. Watu 450 waliotawanyika nchi nzima, kila mmoja akidhani yuko peke yake, wasingekutana katika chumba chochote cha kusubiria hospitalini. La pili ni kwamba mamlaka ndani ya kikundi yaligawanyika. Aliyewahi kupita katika njia hiyo alipata nafasi ya kuwa mwongozaji, sambamba na mtaalamu. Wazo hili la mwenza mwenye uzoefu litarudi katika tiba za mtandaoni za karne iliyofuata.

Wanasaikolojia nao walianza kuvijaribu vikundi kwa mbinu zilizopangwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Til Wykes na wenzake mjini London waliripoti kikundi cha tiba ya utambuzi na tabia kwa watu wanaosikia sauti. Mwaka 2008, nchini Kanada, Tania Lecomte na wenzake walichapisha jaribio lililolinganisha kikundi cha aina hiyo na kikundi cha stadi za maisha ya kijamii, na safari hii washiriki walikuwa watu wa saikosisi ya awali. Ulinganisho huo ulionesha kwamba swali lilikuwa limehama. Halikuwa tena iwapo wagonjwa wa saikosisi wanaweza kukaa katika kikundi, bali ni kikundi cha namna gani kiwafae vijana, na lini.

5.0 Huduma za Mapema na Tatizo la Miaka Miwili

Lalamiko la Sullivan lilipata taasisi mjini Melbourne. Mwaka 1992 kituo cha EPPIC kilifunguliwa chini ya uongozi wa Patrick McGorry kwa ajili ya vijana waliopatwa na saikosisi kwa mara ya kwanza. Msingi wake ulikuwa kwamba kijana wa miaka 18 asilazwe pamoja na watu waliougua kwa miaka ishirini, kwa sababu atawatazama na kujisomea humo hatima yake. Kituo kilikuwa na programu ya vikundi tangu mapema: masomo, ajira, sanaa, afya na mazungumzo. Nchini Uingereza, Max Birchwood na wenzake wa Birmingham walisisitiza kwamba miaka michache ya mwanzo ndiyo inayoamua mwelekeo wa maisha ya baadaye, na mpango wa taifa wa afya wa mwaka 2000 uliahidi kuunda timu 50 za huduma za mapema.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ulitoka Denmark. Jaribio la OPUS liliwaandikisha wagonjwa 547 wa saikosisi ya mara ya kwanza katika miji ya Copenhagen na Aarhus kati ya mwaka 1998 na 2000. Nusu yao hivi walipata huduma ya kawaida, na waliobaki walipata miaka miwili ya huduma maalumu iliyojumuisha timu ya ufuatiliaji wa karibu, vikundi vya familia kadhaa kwa pamoja, na mafunzo ya stadi za kijamii. Baada ya miaka miwili, waliopata huduma maalumu walikuwa na dalili chache na maisha bora zaidi. Kisha huduma ilikoma, wakarejeshwa katika mfumo wa kawaida. Matokeo ya mwaka wa tano, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalionesha kwamba tofauti kati ya makundi mawili katika dalili na utendaji wa maisha ilikuwa imetoweka.

Matokeo hayo ndiyo kitovu cha historia hii. Yanaweza kusomwa kwa namna mbili. Msomaji mwenye shaka atasema kuwa huduma ya mapema haidumu, kwa hiyo haina thamani. Usomaji wa pili, ambao insha hii inauunga mkono, ni kwamba huduma ilifanya kazi kwa muda wote ilipokuwapo. Kilichofanya kijana asimame kilikuwa mkusanyiko wa watu: timu, familia nyingine, wenzake wa kikundi. Mkusanyiko huo ulivunjwa kwa tarehe ya kalenda, bila kutazama kijana amefika wapi. Tatizo la mwaka 1952 lilikuwa limejirudia kwa sura mpya: anayetoka anaondoka na dawa, na kikundi kinabaki mlangoni.

6.0 Kikundi Mtandaoni

Majaribio ya kwanza ya mtandaoni hayakulenga tatizo hilo. Mwaka 2005 Armando Rotondi na wenzake mjini Pittsburgh waliripoti programu ya intaneti kwa watu 30 wenye skizofrenia na jamaa 21 wanaowasaidia. Ilikuwa na vikundi vya majadiliano ya maandishi vilivyoongozwa na matabibu, kimoja cha wagonjwa, kimoja cha jamaa na kimoja cha wote. Baada ya miezi mitatu, wagonjwa waliotumia programu walieleza kuwa na msongo mdogo kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwa muundo, hiki kilikuwa kikundi cha familia nyingi kilichopelekwa kwenye kompyuta.

Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo tofauti. Katy Kaplan na wenzake nchini Marekani waliwagawa kwa nasibu watu 300 wenye skizofrenia au magonjwa makubwa ya hisia. Wengine walijiunga na vikundi vya kusaidiana kwa intaneti visivyo na msimamizi, na wengine walisubiri. Vikundi havikuleta nafuu iliyopimika, na walioshiriki zaidi katika mojawapo ya njia hizo walieleza dhiki kubwa zaidi. Wahenga walisema penye wengi pana mengi. Ukiweka Pittsburgh na jaribio hili bega kwa bega, chombo ni kilekile na maradhi yanakaribiana. Tofauti mojawapo iliyo wazi ni kuwapo kwa anayeshika mlango, ingawa ni kweli kwamba tafiti hizo mbili zilitofautiana pia katika ukubwa na maudhui.

Melbourne ndiko tatizo la miaka miwili lilikotajwa waziwazi. Mario Alvarez-Jimenez na wenzake walibuni Horyzons, mfumo wa mtandaoni uliounganisha mambo matatu: masomo mafupi ya tiba, sehemu ya vijana kuwasiliana wao kwa wao, na usimamizi wa matabibu pamoja na vijana wenza wenye uzoefu wa ugonjwa. Jaribio dogo la mwezi mmoja lililohusisha watumiaji 20 lilichapishwa mwaka 2013 na halikuripoti madhara. Kisha likaja jaribio kubwa la vijana 170 wa umri wa miaka 16 hadi 27, waliokuwa wakimaliza miaka yao miwili EPPIC. Nusu yao walipewa Horyzons kwa miezi 18 baada ya kuhitimu huduma. Lengo lilikuwa kuona iwapo kikundi kinaweza kuendelea pale kalenda ilipokivunja.

Matokeo ya mwaka 2021 yanahitaji kusomwa kwa uangalifu. Katika kipimo kikuu kilichotangazwa tangu mwanzo, yaani utendaji wa kijamii, hapakuwa na tofauti kati ya makundi. Kwa kanuni za utafiti, hilo ni jibu la hapana, na haifai kulifunika. Hata hivyo, katika vipimo vya pili, waliotumia Horyzons walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, wa takribani mara 5.5, wa kupata kazi au kujiunga na masomo, na walihudhuria huduma za dharura mara chache zaidi. Vipimo vya pili havitoshi kuthibitisha, lakini vinaelekeza mahali ambapo utangulizi wa insha hii uliiweka hasara kuu ya ugonjwa: shule, kazi na rika.

Janga la mwaka 2020 lilikuta basi kazi hii ikiwa njiani. Huko Montreal, Lecomte na wenzake waliripoti mwanzoni mwa muongo huo jaribio la awali la tiba ya kikundi kwa mkutano wa video kwa watu wa saikosisi ya awali. Jimboni Victoria, mfumo uliotokana na Horyzons ulianza kupelekwa katika vituo vya afya ya akili ya vijana. Janga liliongeza kasi ya jambo ambalo mbegu yake ilipandwa Omaha mwaka 1959.

7.0 Mjadala

Mambo matatu yanajitokeza katika miaka hii mia moja. La kwanza ni kwamba umbali peke yake haukuamua matokeo. Televisheni ya Nebraska ilikuwa mbali na ikafanya kazi, na vikundi visivyo na msimamizi vya mwaka 2011 vilikuwa mbali na havikufanya kazi. Wodi za kabla ya Lazell zilikuwa karibu, tena karibu mno, na hazikuwa vikundi.

La pili linahusu hofu ya kuangaliwa. Hofu hiyo ni ya kweli na haifai kupuuzwa, hasa mtandaoni ambako kijana anaweza kujiunga akiwa chumba kimoja na wazazi, au asijue nani anarekodi. Lakini historia inaonesha kwamba tiba yake si kukiondoa chombo. Tiba yake ni uwazi: anayeona ajulikane, kanuni za siri zitamkwe, na mtu aruhusiwe kuzima kamera bila kufukuzwa. Chumbani pia palihitaji kanuni hizo. Tofauti ni kwamba chumbani mlango uliofungwa ulionekana kwa macho, ilhali mtandaoni mlango huo lazima uelezwe kwa maneno.

La tatu ni muda, na hapa ndipo insha hii inapotofautiana na maandishi mengi. Kuhama kwa kikundi hadi mtandaoni hueleweka kama ushindi dhidi ya umbali. Historia inaonesha kuwa ushindi huo ulikwishapatikana. Kilichokuwa hakijapatikana ni njia ya kuendeleza kikundi baada ya huduma kukoma, na OPUS ilionesha gharama ya kukosekana kwake. Endapo kikundi cha mtandaoni kitafungwa baada ya vikao kumi kwa sababu bajeti imeisha, kitakuwa kimerithi udhaifu uleule wa kikundi cha chumbani huku kikipoteza faida za chumba.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba tiba ya vikundi mtandaoni kwa saikosisi ya awali ni mrithi wa mikondo mitatu: darasa la wodini lililoamini kwamba mgonjwa anasikia, mikutano ya wanaosikia sauti iliyompa mwenye uzoefu sauti ya kuongoza, na huduma za mapema zilizomtaka kijana aonwe kabla hajazoea ugonjwa. Mkondo mmoja unapokosekana, kikundi hudhoofika.

Matokeo haya yana maana kwa Afrika Mashariki. Nchini Tanzania, mradi wa KUPAA umewakutanisha watu wenye saikosisi na ndugu zao katika vikao vya elimu ya kisaikolojia kwa familia, Dar es Salaam na Mbeya. Washiriki wa vikao vya aina hiyo hurudi katika mitaa na wilaya zilizo mbali na hospitali za rufaa, na wengi wao wana simu mkononi. Kwa mazingira hayo, mkutano wa video huweza kuwa ghali kwa gharama ya vifurushi, ilhali ujumbe wa maandishi au wa sauti unaosimamiwa na muuguzi na mwenza mwenye uzoefu unaweza kutosha. Utafiti wa Pittsburgh wa mwaka 2005 ulitumia maandishi tu.

Tafiti zijazo zinashauriwa kuacha kupima kikundi cha mtandaoni dhidi ya kikundi cha chumbani peke yake. Zipime pia kikundi kinachoendelea dhidi ya kikundi kinachokoma, na kikundi chenye msimamizi anayejulikana dhidi ya kisicho naye. Vipimo vikuu vijumuishe kurudi shuleni na kazini, na ufuatiliaji ufike angalau mwaka wa tano, kwa kuwa ni katika mwaka huo ambapo ushahidi wa Denmark ulionesha kile kilichopotea.